Ujinga unaojiona hekima: Socrates na mzizi wa uovu

MNAMO mwaka wa 399 kabla ya Kristo (KK), mzee wa miaka sabini hivi alisimama mbele ya mahakama ya jiji la Athens, Ugiriki, kujibu mashtaka ambayo adhabu yake ingeweza kuwa kifo. Waamuzi wake walikuwa wananchi wa kawaida wapatao 500, waliochaguliwa kwa kura ya bahati kama ilivyokuwa desturi ya demokrasia ya huko. Washtaki watatu, Meletus, Anytus na Lycon, walidai kwamba hakuitambua miungu ya jiji, kwamba alileta miungu mipya, na kwamba aliwapotosha vijana.

Mzee huyo alikuwa Socrates. Utetezi wake ulikuwa wa ajabu. Badala ya kujinyenyekeza na kuwaleta watoto wake waangue kilio mbele ya mahakama, jinsi walivyofanya washtakiwa wengi, aliwaeleza waamuzi namna alivyotumia miaka mingi kuwathibitishia watu mashuhuri wa Athens kwamba hawakuyajua waliyodhani wanayajua.

Socrates hakuandika chochote. Yanayojulikana kumhusu yametoka hasa kwa wafuasi wake wawili, Plato na Xenophon, na kwa mtunzi wa vichekesho Aristophanes, aliyemkejeli jukwaani katika tamthilia ya Mawingu mwaka wa 423 KK. Kwa hivyo, mtu anapotamka kwamba Socrates alisema hili au lile, aghalabu anachomaanisha ni kwamba Plato aliandika kuwa Socrates alisema. Hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu mpaka kati ya mwalimu na mwanafunzi.

Baba yake, Sophroniscus, alikuwa mchonga mawe, naye mama yake, Phaenarete, alikuwa mkunga. Alipigana vitani kama askari wa miguu huko Potidaea, Delium na Amphipolis. Alizoea kutembea pekupeku, na tofauti na walimu waliozunguka mijini wakiuza elimu kwa fedha nyingi, yeye hakumtoza mtu ada.

Kisa cha kazi yake kilianzia Delphi, kwenye hekalu la mungu Apollo ambapo ukutani paliandikwa maneno ya kumhimiza mtu ajijue mwenyewe. Rafiki yake Chaerephon alikwenda huko akamuuliza kuhani wa kike iwapo kulikuwa na yeyote aliyemshinda Socrates kwa hekima. Akajibiwa kwamba hapakuwa na mtu. Socrates, kwa maelezo yake mwenyewe mahakamani, alishangaa, kwa kuwa alijua hana hekima yoyote ya kujivunia. Akaamua kulichunguza neno la mungu kwa kumtafuta mtu mmoja tu aliyemzidi.

Alianza na wanasiasa. Alimkuta mmoja aliyesifiwa na wengi, na ambaye alijisifu zaidi ya walivyomsifu wengine, lakini baada ya kuulizwa maswali machache hakuwa na la kujibu. Akaenda kwa washairi, akagundua kwamba walitunga mambo mazuri ambayo wao wenyewe hawakuweza kuyafafanua. Mwisho akawaendea mafundi. Hawa walimfurahisha, maana kweli walikuwa na ujuzi ambao yeye hakuwa nao. Kosa lao lilikuwa lingine: kwa sababu fundi aliijua vyema kazi yake, alijiona mjuzi wa mambo makuu yote ya maisha na ya uongozi wa jiji. Ni kosa ambalo halijawahi kuadimika.

Hapo ndipo Socrates alipong'amua maana ya jibu la Delphi. Alikuwa amewazidi wenzake kwa jambo dogo tu: asichokijua, hakudhani anakijua.

Inafaa kusahihisha hapa kauli inayotajwa mara nyingi kwa jina lake, ati alijua jambo moja pekee, kwamba hajui lolote. Katika maandishi ya Plato kuhusu kesi hiyo, Socrates hasemi hivyo. Madai yake yana mipaka, na zaidi ya hayo kuna jambo analosema waziwazi kwamba analijua: kutenda dhuluma ni uovu na ni aibu. Mtu huyohuyo aliyekiri kutojua kifo ni nini alikuwa na hakika kuhusu dhuluma. Mafundisho yake kuhusu wema na uovu hayaeleweki mtu akiusahau upande mmoja kati ya hizo mbili.

Mazungumzo yake yaliyohifadhiwa na Plato hufuata njia moja. Anatokea mtu mwenye uhakika mkubwa. Socrates anamsihi amfundishe. Jibu la kwanza linabomoka, la pili vilevile, na la tatu linarudi pale la kwanza lilipoanzia. Euthyphro, kwa mfano, alikuwa akimshtaki baba yake mzazi kwa kosa la kusababisha kifo cha kibarua, naye alijitapa kwamba aliujua kikamilifu uchaji unaotakiwa na miungu. Alipobanwa aeleze uchaji ni nini, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali pengine, akaondoka kwa haraka.

Kisa cha jemadari Nicias ni kizito zaidi. Katika mazungumzo yaitwayo Laches, wazee wawili wanataka ushauri kuhusu malezi ya wana wao, na majemadari Laches na Nicias wanaulizwa ujasiri ni kitu gani. Laches anasema ni kusimama imara vitani bila kukimbia. Jibu hilo halidumu. Nicias, aliyekuwa msomi zaidi, anasema ujasiri ni ujuzi wa mambo yanayofaa kuogopwa na yale yasiyofaa kuogopwa. Jibu hilo linasikika kama la Socrates mwenyewe, lakini nalo haliwezi kutetewa hadi mwisho. Katikati ya mjadala Socrates anapenyeza kumbusho dogo: sheria inamweka jemadari juu ya mpiga ramli, wala haimweki mpiga ramli juu ya jemadari.

Wasomaji wa kwanza wa Plato hawangeweza kulipita neno hilo bila kushtuka. Mwaka wa 413 KK, Nicias aliliongoza jeshi la Athens katika kuuzingira mji wa Syracuse kisiwani Sicily. Mambo yalipoharibika na jeshi kuwa tayari kuondoka kwa merikebu, mwezi ulipatwa. Nicias aliwasikiliza wapiga ramli, akaamuru watu wasubiri siku 27. Adui alitumia muda huo kuifunga bandari. Merikebu zikaangamizwa, askari wakajaribu kutoroka kwa miguu, na waliosalia, wasiopungua 7,000 kwa hesabu ya mwanahistoria Thucydides, wakafungiwa katika machimbo ya mawe wakifa kwa njaa, jua na baridi. Nicias mwenyewe alichinjwa. Alikuwa mtu wa heshima na mcha miungu. Hapana aliyemwita mwovu. Swali la ujasiri ni nini, ambalo kwenye kivuli cha barabara za Athens lilionekana kuwa mchezo wa maneno, huko Sicily liligharimu maisha ya maelfu.

Si kila aliyenyamazishwa na maswali ya Socrates alikimbia. Katika mazungumzo mengine, Meno, kijana tajiri kutoka Thessaly, analalamika kwamba Socrates ni kama yule samaki wa jamii ya taa anayemtia ganzi kila anayemgusa. Meno alikuwa amehutubu mara nyingi kuhusu fadhila, mbele ya watu wengi, na sasa hawezi hata kusema fadhila ni kitu gani. Socrates anamwita mtumwa mdogo wa Meno, mtoto ambaye hajafundishwa hesabu za maumbo. Anachora ardhini mraba wenye upande wa futi 2, ambao eneo lake ni futi 4 za mraba, kisha anamuuliza: upande wa mraba wenye eneo maradufu, yaani 8, una urefu gani?

Mtoto anajibu bila kusita: upande nao uwe maradufu, futi 4. Wanachora, wanahesabu, na wanapata 16. Anajaribu 3, wanapata 9. Hatimaye anakiri kwamba hajui. Hapo Socrates anamgeukia Meno na kumuuliza kama ganzi hiyo imemdhuru mtoto. Muda mfupi uliopita angesimama kwa furaha mbele ya hadhira kuitangaza hesabu ya makosa. Sasa hajui, lakini anajua kwamba hajui, na anataka kutafuta. Maswali yanaendelea hadi mtoto anatambua mwenyewe kwamba upande unaotakiwa ni ule mstari unaoukata mraba wa kwanza kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea. Mtumwa aliondoka na jibu. Bwana wake, ambaye Xenophon anamsimulia katika kitabu kingine kuwa mlafi na msaliti, hakuondoka na chochote.

Maelezo ya kina zaidi ya ujinga wa aina hii yamo katika Karamu, kitabu ambacho Plato anasimulia sherehe iliyofanyika mwaka wa 416 KK nyumbani kwa Agathon, mtunzi wa tamthilia aliyekuwa ameshinda tuzo. Wageni wanapeana zamu kuusifu upendo. Zamu ya Socrates inapofika, anasema aliyoyajua kuhusu upendo alifundishwa na mwanamke mwenye hekima, Diotima wa Mantinea.

Hoja ya Diotima ni hii. Miungu haitafuti hekima, kwa sababu tayari inayo. Wajinga nao hawaitafuti, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Ubaya wa ujinga, kwa maoni yake, ni kwamba mtu asiye mwema wala mwenye busara anajiona ametimia, na anayejiona ametimia hawezi kutamani asichohisi kukikosa. Wanaoitafuta hekima ni wale walio katikati, wanaojua upungufu wao. Ndilo chimbuko la neno la Kigiriki lenye maana ya kuipenda hekima, neno lililopita katika lugha ya Kiarabu hadi likatufikia katika Kiswahili kama falsafa. Kwa asili yake, basi, mwanafalsafa ni mwenye kuipenda na kuisaka hekima asiyo nayo, jambo ambalo baadhi ya wanaojiita wanafalsafa wangefanya vyema kulikumbuka.

Ujinga wa kawaida una dawa, kwani kuuliza si ujinga, kama walivyosema wahenga wetu. Ujinga alioueleza Diotima umejifungia mlango kutoka ndani.

Je, haya yanahusiana vipi na uovu? Socrates alishikilia fundisho ambalo wengi waliliona kuwa kinyume cha akili: hapana mtu atendaye uovu kwa kupenda. Kila mtu hutaka kilicho chema kwake. Mwizi huiba kwa kudhani kwamba mali itamfaa, na dhalimu hudhulumu kwa kudhani kwamba mamlaka yatamfurahisha. Kosa limo katika hesabu. Katika mazungumzo yake na Protagoras, Socrates analinganisha jambo hili na macho: kitu kilicho karibu huonekana kikubwa, na kilicho mbali huonekana kidogo. Raha ya leo hutukia machoni kuwa mlima, na majuto ya kesho kuwa kichuguu. Mtu anayesema ameshindwa na tamaa, kwa mujibu wa hoja hii, ameshindwa kupima.

Msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ya kulielewa fundisho hili. Neno jahili, lililotoka Kiarabu ambako shina lake lahusu kutojua, hutumika katika Kiswahili kwa mtu asiye na elimu, na pia kwa mtu katili asiye na huruma. Wazungumzaji waliounganisha maana hizo mbili katika neno moja huenda hawakumsoma Socrates, lakini angewaelewa mara moja.

Polus, kijana mwenye papara katika mazungumzo yaitwayo Gorgias, hakukubaliana naye. Alimtaja Archelaus, aliyepanda kiti cha ufalme wa Makedonia kwa kumuua mjomba wake, binamu yake na hatimaye ndugu yake wa kambo, mtoto aliyetumbukizwa kisimani. Mtu huyu, Polus akauliza, si ndiye mwenye heri kuliko wote nchini mwake? Socrates alijibu kwamba Archelaus ni mnyonge kuliko wale aliowaua, na kwamba kutoadhibiwa kwake kunamzidishia unyonge, sawa na mgonjwa anayefurahi kwa kumkwepa tabibu. Polus alicheka. Historia haikumsaidia sana Socrates hapa: Archelaus alitawala kwa fahari, akajenga barabara na ngome, akawakaribisha washairi wakubwa wa Ugiriki katika jumba lake. Alikufa mwaka wa 399 KK, mwaka uleule Socrates alipouawa na mahakama.

Upinzani mkali zaidi ulitoka kwa wale walioona kwamba mtu anaweza kuujua uovu na bado akautenda. Mnamo mwaka wa 431 KK, Euripides alimleta jukwaani Medea, mama aliyewaua watoto wake ili kumwadhibu mume aliyemwacha, akitamka bayana kwamba anaufahamu ubaya wa anachokwenda kufanya, ila hasira imemzidi nguvu. Aristotle, karne moja baadaye, alisema wazi kwamba fundisho la Socrates linapingana na mambo tunayoyaona. Hata hivyo hakulitupa lote. Alimfananisha mtu aliyezidiwa na tamaa na mlevi anayekariri beti za hekima: maneno anayo mdomoni, lakini ujuzi haufanyi kazi ndani yake kwa wakati huo.

Plato mwenyewe hakulificha tatizo hili. Katika kitabu kilekile cha Karamu, muda mfupi baada ya maneno ya Diotima, mlango unabishwa kwa kishindo na Alcibiades anaingia akiwa amelewa. Alikuwa kijana mzuri wa sura, tajiri, jemadari, kipenzi cha umma. Anaungama mbele ya wote kwamba Socrates ndiye mtu pekee anayemfanya aone haya. Anapomsikiliza, anajua kwamba maisha anayoishi hayafai; anapoondoka, sifa za umati zinamvuta tena. Kwa hivyo huziba masikio na kukimbia. Alcibiades hakuwa yule mjinga aliyeridhika wa Diotima. Aliujua upungufu wake, na bado mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waliowasukuma Waathene kwenda Sicily, kisha akahamia upande wa adui zao, Sparta. Kama kujua upungufu ndiko mwanzo wa wema, mbona hakukumtosha?

Jina la pili lilikuwa zito zaidi siku ya kesi. Critias, jamaa wa mama yake Plato, naye aliwahi kuandamana na Socrates. Katika mazungumzo yaitwayo Charmides anatetea hoja kwamba kiasi ni kujijua mwenyewe. Mwaka wa 404 KK, Athens iliposhindwa na Sparta, Critias aliongoza utawala wa watu thelathini uliowaua raia wasiopungua 1,500 katika muda wa miezi michache. Socrates aliitwa pamoja na wengine wanne wakaamriwa kumkamata Leon wa Salamis, mtu asiye na hatia, ili auawe. Wanne walikwenda. Socrates alikwenda nyumbani kwake. Utawala huo ulipoanguka mwaka wa 403 KK, sheria ya msamaha ilizuia watu kushtakiwa kwa mambo ya zamani, kwa hivyo jina la Critias halikutajwa katika mashtaka. Lakini zaidi ya miaka hamsini baadaye, msemaji Aeschines aliwakumbusha Waathene, kama jambo lijulikanalo na wote, kwamba walimuua Socrates kwa kuwa alikuwa mwalimu wa Critias.

Huenda ni mambo hayo yaliyomfanya Plato, katika uzee wake, aligawe somo la ujinga upya. Katika Sheria, kitabu chake kirefu kuliko vyote, anatenga ujinga wa kawaida, ambao huleta makosa madogo, na ujinga maradufu wa mtu asiyejua lakini anayeamini kwamba ana hekima kamili. Anaongeza kipimo ambacho Socrates hakukisisitiza: nguvu. Ujinga maradufu wa mtu dhaifu ni kama makosa ya watoto na wazee, na sheria inapaswa kuwa laini nao. Ukimkuta mwenye nguvu na mamlaka, huzaa makosa makubwa ya kutisha.

Waamuzi wa mwaka wa 399 KK walimtia Socrates hatiani kwa tofauti ndogo. Mwenyewe alisema kwamba kura 30 zingebadilika, angeachiliwa. Alipotakiwa kupendekeza adhabu, kwanza alisema anastahili kulishwa kwa gharama ya jiji kama washindi wa michezo ya Olimpiki, kisha akakubali faini ambayo Plato na marafiki wengine walijitolea kuidhamini. Waamuzi wakachagua kifo. Kuogopa kifo, alikuwa amekwisha kuwaambia, ni namna nyingine ya kujifanya mjuzi, kwa kuwa hapana ajuaye kama kifo si heri kubwa kuliko zote. Alikaa gerezani takriban mwezi mmoja, akakataa mpango wa rafiki yake Crito wa kumtorosha, akanywa sumu.

Kabla ya kuondolewa mahakamani, aliwaachia ombi moja watu waliokuwa wametoka kumhukumu. Alikuwa na wana watatu, wawili kati yao wakiwa bado wadogo. Akaomba kwamba wakishakua, wakionekana kujali mali kuliko wema, au wakijiona kuwa watu wa maana ilhali si chochote, basi Waathene wawasumbue kwa maswali vilevile yeye alivyowasumbua.